Damu Puani Ukambani: Kiangazi Hakibebi Lawama Zote

Je, wajua kwamba visa zaidi ya tisa kati ya kumi vya kutokwa na damu puani huanzia sehemu ndogo iliyo karibu kabisa na mlango wa pua? Kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, mishipa myembamba kutoka pande kadhaa hukutana chini ya utando mwororo. Mmarekani James Little alipaeleza mahali hapo mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akafuata miaka mitano baadaye. Kinachoulinda utando huo ni ute tu. Ute ukikauka huwa ukoko, ukoko ukachokolewa kwa kidole au ukabanduka kwa kupenga kamasi, na mshipa ukabaki wazi. Hali hiyo huletwa hasa na kiangazi cha Kitui na Makueni, kuanzia Juni hadi mvua za vuli: upepo mkavu, vumbi la barabarani, moshi wa kuni na mafua ya Julai. Kwa hiyo mzazi anayesema mtoto wake anatokwa na damu kwa sababu ya ukavu, mara nyingi yuko sahihi.

Kosa huja kwenye huduma ya kwanza. Mgonjwa huambiwa ainue uso atazame juu, na damu ikiacha kuonekana watu hudhani imekatika, kumbe inashuka kooni na tumboni, ambako humletea kichefuchefu na kutapika. Ajuaye humketisha, humwinamisha mbele kidogo, kisha hubana sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia hata mara moja ili kuchungulia. Wengi hubana juu, kwenye mfupa, ambako mkono haufikii mshipa unaovuja. Damu ikishakatika, mafuta ya kujipaka, yakipakwa kidogo ndani ya pua asubuhi na jioni, huzuia ukoko usirudi. Damu ikirudi tena na tena kutoka mshipa uleule, daktari huweza kuuchoma kwa kijiti chenye dawa ya nitreti ya fedha.

Lakini neno “kiangazi” likishazoeleka, hufunika mengine. Kaskazini mwa Kitui, pande za Mwingi na Tseikuru, ni eneo la kala-azar tangu zamani. Mlipuko mkubwa wa miaka ya mwanzo ya 1950 uliwafanya watafiti wachunguze vichuguu, kwa kuwa usubi anayeeneza ugonjwa huo hujificha humo mchana na kuuma usiku. Kimelea chake huvamia wengu, ini na uboho wa mifupa. Wengu huvimba, chembe zinazosaidia damu kuganda hupungua, na pua huanza kutoa damu ingawa utando wake haujachokolewa. Mgonjwa huwa na homa ya wiki kadhaa, hukonda huku tumbo likijaa upande wa kushoto. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Akitibiwa, sindano za siku 17 za dawa mbili kwa pamoja, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa Afrika Mashariki mwaka 2010, huwaponya wengi.

Jambo la pili ni ghala la mahindi. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini iliwaumiza watu 317 na kuwaua 125, na Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi. Sumu hiyo hushambulia ini, na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya protini za kugandisha damu. Macho yakiwa ya manjano na pua au fizi zikitoa damu, kubana pua peke yake hakutoshi; mgonjwa apelekwe hospitali upesi, na mahindi yaliyokuwa yakiliwa nyumbani yasiendelee kupikwa.

Wapo watakaosema hii ni kuwatisha wazazi, maana watoto wengi hutokwa na damu na hawana kala-azar wala sumu. Ni kweli, na sishauri kila tone lipelekwe hospitali. Linalotenganisha visa hivi ni kinachoandamana na damu: homa isiyoisha, tumbo kuvimba, manjano, michubuko isiyo na sababu, au damu isiyokatika baada ya dakika 30 za kubana vizuri. Wengine huilaumu presha. Presha haijathibitishwa kuwa chanzo, ingawa huweza kufanya damu iwe ngumu kukatika, hasa kwa wazee, ambao huvuja pia kutoka nyuma ya pua na mara nyingine hutumia aspirini au dawa za kuyeyusha damu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni umbali: kutoka vijiji vya Tseikuru hadi hospitali ya Mwingi ni safari ya gharama. Ndiyo sababu swali la homa na mkono wa kupapasa wengu vinapaswa kuanzia zahanati ya karibu, kwani kipimo cha haraka cha kala-azar, kikiwapo, huhitaji tone la damu ya kidole tu na jibu hutoka kabla mgonjwa hajaondoka.