Mbaraka Mwinshehe na Wapenzi wa Nyimbo Zake
Mbaraka Mwinshehe, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, yaani gitaa linaloongoza mengine, alijipatia sifa katika Morogoro Jazz Band kabla ya kuunda bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973, na ingawa alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, nyimbo zake zingali zikisikika katika vipindi vya zilipendwa, yaani muziki wa zamani usiochuja. Wapenzi wake humuenzi kwa sababu wimbo kama "Shida" husimulia dhiki ya mtu wa kawaida kwa Kiswahili chepesi, huku gitaa likijibizana na sauti pasipo kuifunika. Hazina hiyo yafaa kurithishwa vijana, pamoja na jina la mtunzi wake.