Mwana, Hiyo Peji ni ya Zamani

Siku NECTA wakimwaga matokeo ya fomu foo, kitaa kizima kinainamia simu. Pita Tandika, pita Mwananyamala, pita kijiwe chochote cha boda pale Mbagala Rangi Tatu: dogo kashika simu yenye kioo kilichopasuka, washkaji wamemzunguka, anasaka namba yake ya mtihani. Peji inamletea orodha ya mwaka jana. Anafunga, anafungua, mwaka jana tena. Pembeni yake msela mwingine, laini ya mtandao uleule, anuani ileile, anasoma ya mwaka huu na keshaanza kupiga kelele. Dogo anapaniki: mbona mimi siyaoni?

Tulia, mwanangu. Simu yako inabana matumizi.

Kivinjari, iwe Chrome au kingine, kila ukifungua tovuti kinajiwekea kopi ya logo, picha, hadi maandishi. Hiyo ndiyo kache. Mcheki Mangi wa dukani kwenu: ukiomba sabuni hatoki mbio mpaka Kariakoo, anakushushia iliyopo kwenye rafu. Na mzigo wake una tarehe ya mwisho. Mwenye tovuti naye akituma peji anaambatanisha agizo ambalo wewe hulioni: tunza hii kwa sekunde kadhaa. Akiweka 86400, hiyo ni siku nzima, na ndani ya muda huo simu haina haja ya kumuuliza mtu. Muda ukikata, inapiga hodi kwa seva: vipi, kuna kilichobadilika? Kama hamna, seva inajibu kifupi kwa namba 304, maana yake endelea na uliyonayo. Bando halijaumia.

Noma inaanzia kwa mwenye tovuti ambaye hakuweka muda wowote. Hapo kivinjari kinakisia chenyewe: kinaangalia peji imekaa muda gani bila kuguswa, kinachukua kama asilimia 10 ya muda huo. Peji iliyolala siku 200 inaweza kuhesabiwa freshi kwa siku 20 mbele. Umeidaka? Peji inavyozidi kulala ndivyo simu inavyozidi kuiamini. Sasa peji za matokeo, za ajira, za mikopo ya chuo, nyingi zinalala miezi halafu siku moja zinalipuka. Wewe mwenye kiherehere uliyechungulia wiki iliyopita ndiye una kopi ya zamani. Yule aliyekuwa hana habari anafungua leo, anapewa mzigo mpya.

Mafundi simu wengi dawa yao ni moja tu: futa vyote. Mimi hapo siwaelewi. Ukifuta kache yote, kila tovuti unayopita inapakuliwa upya toka mwanzo, na bando la buku litakata kabla daladala haijafika Buza. Anza kwa kuvuta peji chini na kidole mpaka kile kiduara kizunguke. Hapo simu inalazimika kumuuliza seva. Ikizingua bado, ifungue kwenye hali fiche, ambayo haigusi akiba ya zamani. Wajanja wana nyingine tamu zaidi: mwishoni mwa anuani wanaongeza ?7, au namba yoyote. Kivinjari kinaona hiyo anuani ni ngeni, hakina kopi yake, kinaenda kuchukua mpya. Kwenye kompyuta ni Ctrl na F5. Ukigonga yote hayo na bado ni ya mwaka jana, basi kopi ya zamani haipo kwako, iko kwenye seva za katikati au wenyewe hawajapandisha. Kanywe chai.

Usiichukie kache lakini. Kaka zetu wa enzi za internet cafe, kabla mkongo wa Seacom haujawashwa Dar Julai 2009, walikuwa wanategemea sana satelaiti, na peji moja ilikuwa ya kusubiri. Wangeua kwa kopi kama hizo.

Sehemu moja tu nakaa upande wa fundi: kompyuta ya steshenari. Umelipa jero yako, umejaza maombi ya kazi, umeprinti, umesepa. Anayekalia kiti baada yako akibonyeza kishale cha kurudi nyuma, anaweza kukutana na fomu yako, namba ya simu na kila kitu. Pale toka kwenye akaunti, kisha futa vyote bila huruma. Bando lenyewe si lako.