Darubini ya Bunduki: Manufaa na Udhaifu Wake

Utangulizi

Kaplong ni njiapanda. Barabara zitokazo Kericho, Kisii na Bomet hukutana hapo, na msafiri ashikaye ile ya Bomet hatimaye hufika Narok na mbuga ya Maasai Mara. Upande wa pili wa mashamba ya majani chai umo msitu wa Mau, wenye ndovu hadi leo. Kwa hivyo, suala la bunduki na mnyama si geni katika eneo hili. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwaka huohuo, aliwinda katika nchi iliyojulikana kama Sotik. Katika safari yake nzima ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512. Ajabu ni kwamba Roosevelt alivaa miwani tangu ujanani, na jicho lake la kushoto lilikuwa karibu pofu. Je, chombo kinachosaidia jicho humsaidia mlengaji kwa kiasi gani? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuchunguza darubini ya bunduki.

Maana ya istilahi

Neno darubini lina asili ya Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Linalofanana nalo ni hadubini, chombo cha kuonea vitu vidogo mno. Katika makala haya, darubini ya bunduki ni bomba lenye lenzi linalofungwa juu ya bunduki, sambamba na mtutu. Ndani yake mna nyuzi mbili zinazokatizana, na makutano yake ndiyo huelekezwa kwenye shabaha.

Manufaa

Kwanza, darubini hupunguza kazi ya jicho. Anayelenga bila darubini hulazimika kupatanisha vitu vitatu: alama ya nyuma, alama ya mbele na mnyama. Vitu hivyo vimo katika masafa tofauti, na jicho haliwezi kuviona vyote kwa uwazi kwa wakati mmoja. Darubini huziweka nyuzi na taswira ya mnyama pamoja.

Pili, darubini hukuza. Ile inayokuza mara 4 humwonyesha mnyama aliye mita 100 kana kwamba yuko mita 25. Mtazamaji huweza kutambua iwapo ni dume au jike, ana ndama, au ana tanzi la waya mguuni.

Tatu, husaidia mwanga unapofifia. Upana wa miale inayoingia jichoni hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji. Lenzi ya milimita 32 ikikuza mara 4 hutoa milimita 8, ilhali mboni ya kijana hupanuka hadi takriban milimita 7 gizani. Jicho halipungukiwi. Lenzi hiyohiyo ikikuza mara 8 hutoa milimita 4 tu, na taswira hufifia.

Udhaifu

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho lililo kwenye darubini, hata hivyo, lina pazia. Kwa ukuzaji wa mara 4, mtu huona upana wa takriban mita 10 tu akitazama umbali wa mita 100. Kwa mara 9, hupata kama mita 4. Yaliyo kando, awe mnyama mwingine au mchuma chai, hayaonekani.

Aidha, darubini hukuza mtetemeko wa mkono sawasawa na inavyomkuza mnyama. Tena, jicho likisogezwa karibu mno, teke la bunduki huweza kulipasua paji la uso. Fauka ya hayo, darubini hukaa sentimita kadhaa juu ya mtutu. Mnyama akiwa hatua chache tu, risasi hupiga chini ya pale nyuzi zinapoonyesha. Ikigongwa, huenda ikapotoka bila dalili yoyote, na sharti ijaribiwe upya.

Hali ya hewa nayo ina lake. Katika nyanda hizi za chai mvua na ukungu ni mambo ya kawaida. Watengenezaji hujaza gesi ya naitrojeni ndani ya bomba ili kuzuia ukungu wa ndani, lakini matone yaliyo juu ya lenzi hayana dawa ila kitambaa.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa kimaadili. Mnyama wa mbali huonekana wa karibu, na mlengaji hushawishika kufyatua asipopaswa. Upepo na mvutano wa ardhi haviipimi risasi kwa darubini. Mnyama hujeruhiwa, akaenda kufia kichakani.

Matumizi nchini Kenya

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha uwindaji wa burudani na hata wa kitoweo. Tanzania, kinyume chake, huruhusu uwindaji kwa leseni. Kwa hivyo, mkazi wa Kaplong huenda akakutana na kazi halali ya kulenga mnyama pale daktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) anapomdunga ndovu dawa ya usingizi kutoka mbali, ili amtoe tanzi au amfunge ukosi wa kufuatilia nyendo zake.

Sindano hiyo huruka polepole kuliko risasi na huinama upesi, hivyo hurushwa kutoka mita makumi tu. Darubini humwonyesha daktari msuli wa paja, haimwambii umbali. Akikosea makadirio kwa mita chache, sindano hupita juu au hutua pasipofaa. Ukuzaji mdogo humtosha. Na kwa kuwa jicho lake lina pazia, askari huwa naye wakilitazama kundi zima.

Hitimisho

Darubini huongeza kuona. Haiongezi utulivu wa mkono, ujuzi wa masafa wala haki ya kufyatua. Anayeinunua akidhani inaleta vyote hivyo amenunua sehemu ndogo ya ulengaji kwa bei ya nzima, na gharama ya salio hulipwa na mnyama.