Bunia: Kompyuta iko mbali, herufi zinachelewa

Mhasibu aliye Bunia anaandika 500, lakini skrini haionyeshi kitu. Anaandika tena. Kisha skrini inaamka na kuonyesha 500500. Kwa mtu anayetayarisha mishahara, huo si mchezo.

Ndivyo inavyoweza kutokea mtu anapotumia kompyuta ya mbali. Programu na mafaili viko kwenye seva, labda Kinshasa, labda Ulaya. Kwenye meza ya Bunia inafika picha ya skrini tu.

Wengi wakiona uzito huo wananunua forfe kubwa zaidi. Mara nyingi ni pesa za bure, kwani kuandika na kubofya hakuli megabaiti nyingi. Kinachosumbua ni muda wa kwenda na kurudi. Setilaiti za zamani ziko juu karibu kilometa 36.000: herufi ikienda na jibu likarudi, nusu sekunde imekwisha. Setilaiti za Starlink, kampuni ambayo ARPTC iliizuia Machi 2024 kisha ikaipa ruhusa Mei 2025, ziko kwenye kilometa mia chache tu, na kuchelewa kunapungua sana. Hata nyaya za fibra zina mpaka wao. Paris ni karibu kilometa 6.000 kutoka Bunia. Nuru yenyewe inahitaji milisekunde 60 kwenda na kurudi. Seva ya Kampala ingekuwa jirani, mradi data zisizungushwe kwanza Ulaya!

Programu nazo hazilingani. VNC, iliyozaliwa Cambridge, Uingereza, inatuma picha ya skrini vipande vipande. RDP ya Microsoft, ya mwaka 1998, inakumbuka vipande ilivyokwisha kutuma, na tangu 2012 inaweza kutumia UDP, njia inayovumilia zaidi data zinazopotea. Kuondoa picha ya nyuma ya skrini, kupunguza rangi na kuzima sauti kunasaidia mara moja.

Faida kubwa kwa Ituri, iliyo chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021, ni nyingine. Umeme ukikatika, kazi inabaki wazi kwenye seva. Biro ikifungwa kwa haraka, orodha ya mishahara haibaki mezani. Lakini aliyehifadhi neno la siri ndani ya mashine hiyo amemwachia mwizi ufunguo. Na seva ya RDP isiwekwe wazi kwenye intaneti. Ipitie VPN, kwa sababu mlango wake wa kawaida, 3389, wadukuzi wanaujua na wanaubisha kila siku.