Utambuzi wa Hitilafu ya Kadi ya Mtandao Usiotumia Waya katika Kompyuta Mpakato

Kompyuta mpakato kukosa mtandao si ushahidi kwamba kadi yake imeharibika. Huko Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mtumiaji anayewahi kununua kadi mpya anaweza kupoteza fedha bila kuondoa tatizo. Kwanza, simu iliyozimwa data iunganishwe na ruta ileile. Ikikosa mtandao, chanzo kiko nje ya kompyuta. Simu ikiupata, mfumo endeshi uchunguzwe. Kadi ikiorodheshwa, programu inayoiendesha isakinishwe upya; mawimbi yakiwa dhaifu, nyaya za antena zikaguliwe. Kadi isipoorodheshwa, kompyuta izimwe, kadi ichomolewe na kupachikwa tena, kisha ijaribiwe katika kompyuta nyingine inayoikubali. Ikishindwa huko pia, ndipo ibadilishwe.