Jinsi ya Kuchagua Pawasaplai ya Kompyuta Inayoundwa Nyumbani

Kompyuta inayoundwa nyumbani au katika karakana ya shule hukusanywa kutokana na vipande vinavyonunuliwa kimoja kimoja: prosesa, ubao mkuu (mazabodi), kumbukumbu, diski na kadi ya picha. Aghalabu mnunuzi huvichagua vipande hivyo kwa makini, kisha fedha zinapokaribia kwisha hununua pawasaplai yoyote iliyo rahisi. Hilo laweza kumgharimu sana. Pawasaplai ndiyo inayovilisha umeme vipande vyote, na ikiharibika vibaya yaweza kuviunguza vyote kwa pamoja.

Wengi husoma tarakimu moja tu kwenye lebo yake, yaani idadi ya wati. Tarakimu hiyo peke yake haitoshi. Pawasaplai ifaayo ni ile inayoafikiana na mambo manne: umeme wa ukutani, mahitaji ya vipande katika volti 12, plagi za ndani, na nafasi iliyomo katika sanduku la kompyuta.

Kazi ya pawasaplai

Umeme wa ukutani ni mkondo geu. Kiwango chake ni volti 230 nchini Tanzania na volti 240 nchini Kenya, nao huzunguka mara 50 kwa sekunde. Vipande vya kompyuta, kwa upande wao, huhitaji mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kazi ya pawasaplai ni kuugeuza umeme wa kwanza uwe wa pili, na kuushikilia usipande wala kushuka kupita kiasi.

Katika Altair 8800, kompyuta iliyouzwa Marekani tangu 1975 ili wanunuzi waiunge wenyewe, kazi hiyo ilifanywa na transfoma nzito. Kila kadi ilipokea kiasi cha volti 8 na kuzipunguza hadi 5. Tofauti iliyobaki ilipotea kama joto. Pawasaplai za leo hufuata njia nyingine. Kwanza mkondo geu hunyooshwa kwa diodi, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla haujapita katika transfoma. Kadiri mkatiko unavyokuwa wa haraka, ndivyo transfoma inavyoweza kuwa ndogo, na ndivyo kifaa kinavyoweza kuwa chepesi.

Umeme wa ukutani

Volti 230 ni kiwango fanisi tu cha mkondo geu. Kilele chake ni 230 × 1.414, yaani takribani volti 325. Hicho ndicho kiwango kinachojazwa katika kapasita kubwa zilizo ndani ya pawasaplai.

Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye alama 115 na 230. Nafasi ya 115 ni kwa nchi kama Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Swichi ikiwa hapo, saketi huongeza volteji maradufu: 115 × 1.414 × 2 ni volti 325 vilevile. Basi ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wa volti 230, kapasita hupelekewa kiasi cha volti 650 badala ya 325. Mara hiyo fyuzi hukatika, na kapasita zaweza kupasuka. Hapana budi kuitazama swichi hiyo kabla ya kuwasha kompyuta yoyote iliyotumika iliyotoka ng'ambo. Pawasaplai iliyoandikwa "100–240 V" hujirekebisha yenyewe.

Wati na volti 12

Kompyuta ya IBM PC ya 1981 ilitosheka na pawasaplai ya wati 63.5. Siku hizi prosesa moja yaweza kuhitaji zaidi ya hizo. Kadhalika, prosesa na kadi ya picha, ambavyo ndivyo vyenye kula umeme mwingi, huupata karibu wote katika volti 12. Kwa hiyo swali lililo kubwa ni hili: je, volti 12 zinaweza kutoa ampea ngapi?

Chukua mfano wa kompyuta yenye mahitaji haya ya juu kabisa:

Prosesa: wati 117
Kadi ya picha: wati 170
Ubao mkuu na kumbukumbu: wati 50
Diski: wati 10
Feni: wati 13
Jumla: wati 360

Prosesa na kadi ya picha peke yake huhitaji wati 287. Kwa kuwa wati ni volti mara ampea, 287 ÷ 12 ni takribani ampea 24.

Sasa linganisha pawasaplai mbili, zote zikiwa zimeandikwa "wati 500". Lebo ya kwanza inaonyesha ampea 18 katika volti 12, yaani wati 216; wati zilizobaki zimehesabiwa katika volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta hii haizihitaji kwa wingi. Lebo ya pili inaonyesha ampea 38, yaani wati 456. Ya kwanza itaelemewa na kuzima, au kuungua. Ya pili itafanya kazi bila taabu. Yafaa pia kuacha akiba ya kiasi cha theluthi moja juu ya jumla, kwa kuwa kadi za picha huvuta umeme kwa vishindo vya ghafla.

Plagi na nafasi

Pawasaplai nyingi hufuata kanuni ya ATX, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Plagi kubwa ya ubao mkuu sasa ina pini 24, na ya prosesa ina pini 4 au 8. Kadi ya picha hupata hadi wati 75 kutoka katika ubao. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150. Kadi ya wati 170 iliyotajwa hapo juu yatosheka na plagi moja ya pini 8.

Yapo mambo mawili ya kuhadhari. Baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi za mtengenezaji wake pekee. Tena, nyaya zinazochomoka za pawasaplai moja zisitumiwe katika nyingine, hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufuati kanuni moja, na diski zimekwisha kuungua kwa sababu hiyo.

Kuhusu nafasi, uso wa pawasaplai ya ATX una milimita 150 kwa 86. Masanduku madogo hutaka aina ya SFX, yenye milimita 125 kwa 63.5.

Usalama

Pawasaplai isifunguliwe na mwanafunzi. Hata baada ya kuchomolewa ukutani, kapasita zake zaweza kubaki na umeme wa kuua. Plagi ya ukutani iwe na pini tatu, na waya wa ardhi uwe umeungwa kweli.

Upimaji ufanywe upande wa kutokea tu, kwa mita, chini ya usimamizi wa mwalimu: kati ya waya wa njano na mweusi isomeke kati ya volti 11.4 na 12.6 wakati kompyuta inafanya kazi. Darasa laweza kuanza bila kugusa umeme wowote: kila mwanafunzi anakili lebo ya pawasaplai moja ya shule, azidishe volti 12 kwa ampea zake, kisha alinganishe jibu na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa.