Bilioni za Wakanda zikihesabiwa Singida

Mwaka 2018 filamu ya Black Panther, inayosimulia nchi ya kubuni ya Wakanda, ilikusanya takribani dola bilioni 1.35 katika majumba ya sinema duniani. Mmoja wa waigizaji wake wakuu alikuwa Mkenya, Lupita Nyong'o. Fedha hizo zikigawanywa kwa wakazi 2,008,058 wa Mkoa wa Singida waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, kila mmoja, kuanzia kichanga hadi ajuza, anapata dola 672. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 1.68 kwa kichwa. Hesabu ni sahihi, ila haina maana yoyote, kwa sababu fedha hizo hazikuwahi kukaa katika mfuko mmoja. Wala hazikuwa za Lupita.

Kwanza tuweke sawa kiwango cha kubadilishia fedha. Hapa natumia shilingi 2,500 kote kwa urahisi, lakini uchaguzi huo una athari. Kwa kiwango hicho, mauzo ya Black Panther ni shilingi trilioni 3.375. Mapema mwaka 2018, filamu ilipotoka, dola ilikuwa karibu shilingi 2,250, na mauzo yaleyale yanakuwa trilioni 3.04. Tofauti ni takribani bilioni 337 bila tiketi hata moja kuongezeka. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2017/18 ilikuwa trilioni 31.7. Filamu moja, basi, ilifikia asilimia 9.6 ya bajeti hiyo kwa kiwango cha wakati ule, na asilimia 10.6 kwa kiwango changu. Anayetaka kushangaza watu atachagua kiwango cha pili.

Kinachotangazwa kila Jumatatu ni mauzo ya tiketi, yaani fedha yote iliyolipwa mlangoni. Mwenye jumba la sinema huchukua sehemu yake kabla studio haijagusa senti. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana ni kwamba studio hubaki na karibu nusu ya mauzo ya Marekani na Kanada, asilimia 40 hivi ya nchi nyingine, na asilimia 25 ya China. Black Panther iliuza kiasi cha dola milioni 700 Marekani na Kanada, milioni 105 China, na karibu milioni 545 kwingineko. Mgawo wa studio kwa mpangilio huo ni milioni 350, 26 na 218. Jumla ni milioni 594, sawa na asilimia 44 ya kiasi kilichotangazwa.

Hiyo nusu yenyewe ni dhana. Studio yenye filamu inayogombewa huweza kudai zaidi, na Disney ni mmoja wa wenye uwezo huo. Tukiweka asilimia 60 badala ya 50 kwa Marekani na Kanada, mgawo unapanda kutoka milioni 594 hadi 664. Toa milioni 200 zilizotajwa kuwa gharama za kutengeneza filamu, kisha toa matangazo, ambayo kwa filamu za ukubwa huu huzidi dola milioni 100. Ongeza mauzo ya televisheni na video. Chombo cha habari cha Deadline, kinachofanya makadirio haya kila mwaka, kilifikia faida ya karibu dola milioni 477. Hiyo ni asilimia 35 ya mauzo ya tiketi, na ni ya studio. Malipo ya waigizaji yalishakatwa njiani kama gharama, sawa na umeme na mbao za kujengea jukwaa.

Mikataba yao ni siri ya kibiashara. Zipo tovuti zinazotaja utajiri wa kila mwigizaji kwa tarakimu kamili, lakini haziambatanishi mkataba, ripoti ya kodi wala hesabu iliyokaguliwa. Tarakimu hizo nimeziacha nje.

Kinachoweza kupimwa ni jinsi filamu za Lupita zilivyorudisha gharama. 12 Years a Slave ya mwaka 2013 iligharimu karibu dola milioni 20 na kuuza tiketi za milioni 187: mara 9.4. Black Panther, pamoja na ukubwa wake wote, ni mara 6.75. Us ya mwaka 2019, ambamo Lupita aliigiza wahusika wawili, mama na kivuli chake, iligharimu milioni 20 na kuuza milioni 256, yaani mara 12.8. Kwa kipimo cha kila dola iliyowekwa, filamu ya kutisha yenye bajeti ndogo iliizidi Wakanda karibu mara mbili. Orodha ya filamu kubwa haipangwi hivyo, kwa kuwa hupangwa kwa jumla, na jumla huwapendelea wenye bajeti nono.

Halafu kuna Queen of Katwe, filamu ya Disney ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyekuja kuwa mchezaji wa sataranji wa mashindano, na Lupita aliigiza mama yake. Kati ya filamu zote nilizotaja, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na msomaji wa Singida kwa ramani na kwa maisha. Iligharimu dola milioni 15 na kuuza tiketi za milioni 10.4, yaani mara 0.69. Mtu anaweza kusema imepungukiwa milioni 4.6. Kwa kanuni ya nusu, studio ilipata milioni 5.2 tu, hivyo pengo ni milioni 9.8, au shilingi bilioni 24.5, kabla ya kulipia tangazo hata moja.

Mauzo hayo yalitoka wapi? Karibu dola milioni 8.8, asilimia 85, zilitoka Marekani na Kanada. Dunia nzima iliyobaki, Uganda, Kenya, Tanzania na Afrika Kusini zikiwemo, ilichangia milioni 1.6, au shilingi bilioni 4. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Waafrika hawakuitaka hadithi yao. Lakini mauzo ya tiketi hupima viti vya majumba ya sinema, na eneo lisilo na viti hivyo husomeka kama eneo lisilo na watazamaji.

Chukua kibanda umiza, chumba chenye mabenchi na televisheni ambako watu hulipa kuangalia mpira na filamu. Tuseme kiingilio ni shilingi 500. Tuseme pia, kwa ukarimu uliopitiliza, kwamba kila mkazi wa Singida, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Iramba na Mkalama, ameingia mara moja kuangalia filamu moja ya Lupita. Makusanyo ni shilingi bilioni 1.004, au dola 401,612. Hiyo ni asilimia 0.03 ya mauzo ya Black Panther. Kwa Queen of Katwe ingekuwa asilimia 3.9, na bado studio isingeona hata shilingi, maana kibanda hakiipelekei hesabu. Hata kazi ya watafsiri wa papo kwa papo kama marehemu Lufufu, walioziweka filamu za nje katika Kiswahili cha mtaani, haikuwahi kuonekana kwenye vitabu vya Los Angeles.

Bei inaeleza mengi kuliko dharau. Wastani wa bei ya tiketi Marekani mwaka 2018 ulikuwa dola 9.11, sawa na shilingi 22,775. Mtazamaji mmoja wa huko analingana na watazamaji 46 wa kibandani. Ukigawa dola milioni 700 kwa bei hiyo unapata tiketi milioni 76.8. Ili vibanda vikusanye kiasi hicho kwa shilingi 500, zingehitajika tiketi bilioni 3.5, yaani kila mkazi wa Singida aingie zaidi ya mara 1,740. Hapa gharama za maisha sijazigusa, na 500 ya Singida Mjini si 500 ya mfanyabiashara wa New York. Lakini mhasibu wa studio hapimi uzito wa shilingi mfukoni mwa mlipaji. Yeye hubadilisha fedha, basi.

Sasa tumwache Lupita, tumtazame mwigizaji ambaye jina lake hatulijui. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, chenye wanachama wapatao 160,000, kiligoma kwa siku 118 mwaka 2023, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba. Takwimu iliyorudiwa sana wakati wa mgomo ni kwamba takribani asilimia 86 ya wanachama hawakufikisha dola 26,470 kwa mwaka, kipato kilichotakiwa wakati huo ili kupata bima ya afya ya chama. Kwa watu 160,000, hao ni karibu 137,600. Waliovuka ni 22,400.

Kabla ya mgomo, kima cha chini cha mwigizaji wa filamu za studio kilikuwa dola 1,082 kwa siku, sawa na shilingi 2,705,000. Katika sherehe za Mei Mosi 2025, zilizofanyika kitaifa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Siku moja mbele ya kamera, basi, ni sawa na miezi mitano na nusu hivi ya mtumishi huyo. Mwenye kusoma sentensi hiyo peke yake atafunga safari kesho. Lakini gawanya 26,470 kwa 1,082: jibu ni siku 25 za kazi kwa mwaka. Kama asilimia 86 hawakuzipata siku 25 katika siku 365, tatizo lao haliko kwenye bei ya siku. Niongeze tahadhari moja: chama hicho kina watangazaji, wacheza vituko na watu waliokwisha kuacha fani lakini bado wana kadi, hivyo si wote 137,600 waliokuwa wakitafuta kazi.

Tumchukue aliyefika mpakani kabisa, mwenye dola 26,470. Kwa shilingi ni 66,175,000 kwa mwaka, mara 11 ya shilingi milioni 6 za mtumishi wa kima cha chini wa Tanzania. Tuseme anapanga chumba na sebule Los Angeles kwa dola 2,000 kwa mwezi. Pango la mwaka ni dola 24,000, na zinabaki 2,470. Wakala aliyemtafutia kazi huchukua asilimia 10, ambazo ni dola 2,647. Ana upungufu wa dola 177, na hajala wala kulipa kodi ya serikali. Aliyefuzu huwa hivyo, na hesabu hii inaeleza kwa nini wengi wao huhudumia meza za migahawa.

Lupita hakuanzia kundi la wasio na pa kushika. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983 na kukulia Kenya, binti wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, baadaye gavana wa Kisumu. Alifanya kazi za nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Akaigiza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga mwaka 2009, kisha akamaliza shule ya maigizo ya Yale mwaka 2012. Oscar ilikuja tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31. Karibu miaka tisa ilipita kati ya filamu ile ya kwanza na tuzo, baadhi ikiwa ya darasani katika chuo cha gharama kubwa. Ada ya Yale kwa fani hiyo ilifutwa mwaka 2021, baada ya David Geffen kutoa dola milioni 150. Hadithi za kipaji kilichoibuka ghafla hazina safu ya ada.

Tuzo yenyewe ina bei inayojulikana. Mshindi huahidi kwamba yeye au warithi wake hawataiuza bila kwanza kuipa Akademi inayotoa tuzo hizo nafasi ya kuinunua kwa dola moja. Kwa kiwango chetu, sanamu yenye kilo karibu nne ni shilingi 2,500. Mwaka uliofuata ushindi wa Lupita, Februari 2015, gauni la Calvin Klein alilovaa kwenye sherehe za Oscar liliibwa hotelini, likaelezwa kuwa na lulu 6,000 na thamani ya dola 150,000. Hiyo ni shilingi milioni 375, au mishahara ya kima cha chini ya miezi 750. Siku mbili baadaye lilirudishwa, na mtu aliyejitaja kuwa ndiye mwizi akadai lulu zilikuwa bandia. Dola 25 kwa kila lulu ni mgawanyo wa tarakimu za vyombo vya habari. Soko halikuwahi kuulizwa.

Singida nayo iliwahi kupima umaarufu wa mwigizaji kwa kuhesabu. Mwaka 2015 Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006 na mwigizaji wa A Point of No Return pamoja na Steven Kanumba, aligombea ndani ya CCM nafasi ya ubunge wa viti maalumu mkoani hapa. Jina lake lilijulikana kwa mamilioni. Mkoa ulikuwa na watu 1,370,637 kwa Sensa ya 2012. Wapiga kura wa kinyang'anyiro hicho, hata hivyo, walikuwa wajumbe wa Umoja wa Wanawake wa chama, mia kadhaa tu, na hakupita. Walioingia bungeni ni Aysharose Mattembe na Martha Mlata. Mtu akisema wajumbe waliwakataa wasanii, Mlata ni mwimbaji wa nyimbo za Injili. Tofauti inayohesabika ni kwamba yeye alikuwa mbunge tangu 2005, hivyo alikwenda kwa wajumbe akiwa na miaka kumi ya kufahamiana nao.